Ndago, sangari na kongwa kwenye bustani ya nyumbani Tabora: naomba njia zisizo za dawa

MamaMatuta (Ipuli, Tabora)

Habari zenu wakuu wa kilimo. Naomba msaada kwa wanaojua vizuri kupambana na magugu bila kupuliza dawa.

Bustani iko nyuma ya nyumba, mita 8 kwa 10. Ina matuta sita, kila tuta upana mita 1.2 na urefu mita 6, na njia za sentimita 40 katikati. Udongo ni wa kichanga, kama mjuavyo udongo wetu. Mazao ni mchicha, nyanya, bamia na vitunguu kidogo.

Magugu yanayosumbua:

- Ndago, karibu kila tuta. Ikikatwa leo, baada ya siku nne iko juu tena.
- Sangari inayoingia kutoka upande wa ua wa jirani.
- Kongwa, lile jani nene la maua ya buluu. Hili ni la masika zaidi.
- Kishona nguo na mchicha wa miiba.

Dawa sitaki kwa sababu mboga huchumwa kila siku, watoto wanacheza humo, na jirani ana mizinga ya nyuki. Nimeshauriwa nimwage maji ya chumvi yaliyochanganywa na siki na sabuni ya unga. Je, ni sahihi? Pia matandazo ya nyasi huku kwetu yanaliwa na mchwa kabla hata ya mwezi kuisha, sasa nifanyeje?

Sasa ni katikati ya Agosti, mvua tunaitegemea Novemba. Naweza kufanya nini kuanzia sasa?

---

JembeNaTupa (Tabora)

Mama, kwanza usimwage chumvi. Mwingine atakueleza sababu, mimi nianze na ndago kwa sababu ndiyo kazi kubwa, na wakati wake ni huu huu wa kiangazi.

Kila gugu lina namna yake ya kuzaa, na njia ya kulimaliza inatokana na hapo. Kishona nguo na mchicha wa miiba huzaa kwa mbegu tu, kwa hiyo ukizuia mbegu umemaliza. Ndago huzaa kwa vijiazi vya chini. Sangari kwa mashina meupe yanayotambaa chini ya ardhi. Kongwa kwa mbegu na kwa vipande vya shina. Ukitumia mbinu ya kishona nguo kwenye ndago, yaani kukata juu tu mara moja moja, utapalilia maisha yako yote.

Ndago ing'oe moja taratibu uitazame. Shina lina pembe tatu ukilizungusha kwenye vidole. Chini kuna uzi mgumu unaounganisha kijiazi kimoja na kingine, kama shanga. Kijiazi cha mbele kikiwa hai huwazuia wenzake wa nyuma wasichipue. Jembe likikata ule uzi, wote waliokuwa wamelala wanaamka. Ndiyo maana tuta lililolimwa kwa jembe mara moja likaachwa hutoa ndago nyingi kuliko kabla.

Udhaifu wake ni viwili: haipendi kivuli, na vijiazi vyake havistahimili kukaushwa. Kwa hiyo:

Acha kumwagilia tuta unalotaka kusafisha kwa wiki mbili hadi tatu. Mchanga ukikauka unachimbika na kupukutika wenyewe. Chimba kwa uma wa shamba, siyo jembe, hadi sentimita 25 au 30. Vijiazi vingi viko kwenye sentimita 15 za juu, lakini vile vya chini ndivyo vinavyokurudisha nyuma. Anzia mwisho mmoja wa tuta, fungua mfereji, kisha sogea nyuma kidogo kidogo ukiuangusha udongo mbele yako.

Hapa udongo wetu wa kichanga ni neema. Azima chekeche la fundi ujenzi, lile la kuchekechea mchanga wa lipu, lenye matundu ya kama milimita 6. Liegemeze kwa mshazari, rusha udongo mkavu juu yake. Mchanga unapita, vijiazi na nyuzi zinabaki. Kwa tuta moja la mita 6 ni kazi ya siku nzima ya watu wawili, sikudanganyi. Kwenye mfinyanzi njia hii haifai kabisa, mabonge yatabaki juu pamoja na vijiazi.

Vijiazi usivitupe shimoni wala kuviloweka. Maji hayaviui upesi, vinaweza kukaa ndani muda mrefu na vikachipua baadaye. Vitandaze juu ya kipande cha bati juani, safu moja tu, uvigeuze kila baada ya siku tatu, kwa wiki mbili. Usivianike juu ya udongo maana umande na unyevu wa chini huvitunza. Kisha kata vichache kwa kisu: ndani pakiwa peupe na penye maji bado ni hai, pakiwa pakavu na pa kahawia vimekufa. Vilivyokufa viingize jikoni uvichome pamoja na kuni zako.

Hutavipata vyote. Baada ya kuchimba, mwagilia tuta na usubiri. Vilivyobaki vitachipua ndani ya siku 7 hadi 14. Sasa ndipo palipo na siri: ving'oe kabla havijafikisha majani matano au sita, kwa sababu baada ya hapo mmea unaanza kutengeneza vijiazi vipya. Kila chipukizi unalolitoa mapema limekula akiba ya kijiazi bila kurudisha kitu. Pita kila baada ya wiki mbili bila kuruka. Ukiruka wiki tano, umeirudishia ndago akiba yake yote.

---

FundiMboji (Nzega)

Naongezea pale alipoishia mkuu.

Chumvi: inaua kweli, lakini inaua na bustani. Haiozi wala haipungui nguvu kama jani. Inakaa kwenye maji ya udongo na kuuzuia mzizi kunywa. Huku kwetu kiangazi jua linavuta maji kwenda juu na chumvi inapanda nayo, inaishia sentimita chache za juu, palepale unapopanda mbegu ya mchicha. Nyanya itavumilia kidogo, vitunguu na maharage havivumilii kabisa. Ndago nayo itapoteza majani tu, vijiazi viko chini vinangoja.

Siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5. Inaunguza majani machanga ya gugu la mbegu lenye majani mawili, juani, basi. Haifiki mizizini. Sabuni ya unga haina kazi bustanini. Maji ya moto yanayochemka yanafaa kwenye nyufa za saruji na kando ya msingi wa nyumba, lita moja kwa eneo la sahani kubwa, lakini kwenye tuta utaua na minyoo, na mkaa wa kuchemshia si wa bure.

Kuhusu matandazo na mchwa. Mchwa wanakula kilichokufa na kukauka. Ukiweka nyasi kavu juu ya udongo mkavu mwezi wa nane, umewaandalia karamu. Wakati huohuo, ukiondoa kila jani kavu bustanini wakati wako tayari chini, watageukia mashina ya nyanya na bamia, kwa hiyo kufagia tuta likawa jeupe si dawa. Fanya hivi:

Kiangazi, usitandaze nyasi kavu kwenye tuta lisilomwagiliwa. Tumia mboji iliyoiva nusu au samadi iliyoiva, unene wa sentimita 3 hadi 5, kuzunguka miche tu. Pumba za mpunga pia ni nzuri na huku kwetu mashine za kukoboa zipo. Zinaoza polepole sana, ila zimwagie maji mara tu ukizitandaza, upepo wa Septemba utazipeleka kwa jirani.

Masika udongo ukishalowa, hapo tandaza nyasi. Unene ni sentimita 10 baada ya kulala. Watu wengi hukosea hapa: wanaweka sentimita 3, jua linapenya, magugu yanaota na sasa kuyang'oa ni kugumu zaidi. Kwa tuta lako la mita 1.2 kwa 6 unahitaji kama gunia tano za kilo 100 zilizojaa nyasi za kushindilia kidogo. Acha nafasi ya sentimita 5 kutoka kwenye shina la kila mmea ili mchwa na kuvu wasipate daraja. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Nyasi zenye mashuke ni kupanda magugu kwa mikono yako mwenyewe.

Maboksi ya karatasi: ondoa gundi ya nailoni na pini, lowesha, tandaza mapande mawili yakipandana sentimita 15, kisha nyasi juu. Yanafaa kwa kishona nguo na mchicha wa miiba. Ndago itayatoboa ikishapata nafasi, na kiangazi mchwa watayamaliza kwa wiki chache. Kwa hiyo ni ya masika, na zaidi kwenye njia.

Jambo moja la Tabora ambalo halisemwi: mabua ya tumbaku yasiwe matandazo ya nyanya wala pilipili. Kirusi cha batobato cha tumbaku hudumu kwenye mabaki makavu na nyanya ni jamaa yake. Tumia mabua ya mahindi.

Na samadi. Ng'ombe anakula kishona nguo na nyasi zenye mbegu, nyingi zinatoka nzima. Kabla ya kununua mkokoteni mzima, omba kopo moja, changanya na mchanga, mwagilia wiki mbili juani. Ukiona kimejaa kijani, hiyo samadi haijaiva. Irundike lundo la mita 1.5 kila upande na kimo cha mita 1.2, changanya na majani mabichi, lowesha hadi ukikamua kiganjani itoe tone moja mbili, funika. Chomeka nondo katikati. Baada ya siku tatu ukiichomoa ishindikane kushikwa, moto upo. Geuza kila baada ya siku tano, mara tano, ukiingiza ndani kile kilichokuwa nje. Mbegu zinakufa pale joto linapokaa juu ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa, na pembeni mwa lundo halifiki huko. Lundo lisilogeuzwa huua mbegu za katikati tu. Vijiazi vya ndago usivitie humo hata siku moja.

---

Mkulima_Gongoni (Tabora)

Mi nadhani suluhisho ni kulima kwa kina sana, hata sentimita 40, ukageuza udongo wote juu chini. Magugu yote yanazikwa na mambo yanaisha.

---

JembeNaTupa (Tabora)

Mkuu Gongoni, kwa ndago mara moja kiangazi, ukiwa na nia ya kuvitoa vijiazi, sawa. Kwa magugu ya mbegu ni kinyume. Mbegu ya mchicha wa miiba ikizikwa sentimita 20 hailazimiki kufa, inalala miaka. Ukigeuza tena msimu ujao unairudisha juu kwenye mwanga na inaota. Tuta likishasafishwa mara moja lisigeuzwe tena, likwanguliwe tu sentimita 2 hadi 3 za juu. Msimu baada ya msimu akiba ya mbegu ya juu inapungua na hutavuta nyingine kutoka chini.

---

UjijiKijani (Kigoma)

Salaam kutoka Ujiji. Dada, niongelee kongwa maana huku kwetu mvua huanza mapema kidogo kuliko kwenu na hili jani tunalifahamu vizuri.

Kongwa lina hila mbili. Ya kwanza, kila kifundo cha shina kikigusa udongo mbichi kinatoa mizizi. Ukipalilia siku ya mawingu ukaacha mabaki palepale, baada ya mvua ya jioni umepanda kongwa mara tatu ya ulilokuwa nalo. Ya pili, mbali na yale maua ya buluu ya juu, linachanua pia chini ya ardhi, maua madogo yaliyofungika, na yanatoa mbegu humo humo. Kwa hiyo kukata juu hakukomeshi mbegu. Ni lazima ling'olewe na mizizi likiwa changa, majani matatu manne, kabla halijaanza kutambaa.

Ling'oe udongo ukiwa na unyevu ili shina lisikatike, weka kwenye ndoo moja kwa moja, usirushe njiani. Sungura na nguruwe wanalipenda. Kama huna mifugo, lijaze kwenye mfuko mzito wa plastiki, funga mdomo, acha juani mwezi mmoja. Likiwa tope jeusi ndipo liingie kwenye mboji.

Kwa wenzangu wa Kigoma: tunayo mashada matupu ya chikichi na makapi ya kukamulia mawese. Mashada yapasue, yapange kwenye njia na kuzunguka migomba na mipapai. Yanakaa muda mrefu bila kuoza, yanaziba mwanga, na yakioza yanaacha potasiamu nyingi. Makapi yenye mafuta yasiwekwe mabichi karibu na miche ya mboga. Yarundike kwanza wiki sita hadi nane yapoe na kupungua mafuta. Kwenye miteremko kama ya Mwanga na Gungu matandazo yapangwe kwa kukingama na mteremko, na magogo madogo au mawe kwa chini, la sivyo mvua moja ya Desemba inayapeleka ziwani.

Sangari ya jirani: chimba mfereji kando ya ua, kina sentimita 30 na upana wa jembe, uache wazi. Mashina yake meupe yenye ncha kali yatatokeza kwenye ukuta wa mfereji, na wewe kila mwezi pita na panga uyakate upande wa jirani, kisha uvute kilichobaki upande wako. Ukiwa na bati chakavu, lizike kina hichohicho na liache sentimita 5 juu ya ardhi. Ndani ya bustani tumia uma, fuata shina hadi mwisho. Kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuota upya.

---

MamaMatuta (Ipuli, Tabora)

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimeelewa kuhusu chumvi. Maswali mawili zaidi. Nimesikia kuna njia ya kufunika tuta kwa nailoni juani, je inaua ndago? Na mchicha naupandaje, maana ukiota pamoja na mchicha wa miiba siwezi kuutofautisha mpaka ukue?

---

BustaniKavu (Urambo)

Nailoni inafanya kazi, ila ujue mipaka yake.

Tumia nailoni ya uwazi, siyo nyeusi. Ya uwazi inapitisha jua na kuzuia joto lisitoke. Nyeusi inajipasha yenyewe zaidi kuliko udongo. Tena kwa ndago kuna tofauti nyingine: chini ya nyeusi chipukizi linabaki limejisokota kama sindano na kuitoboa, chini ya ya uwazi linaona mwanga, linafungua majani mapema, yanaungua hapohapo. (Katazo la mwaka 2019 lilikuwa la mifuko ya kubebea, nailoni ya shambani haimo.)

Msimu wake huku ni Septemba na Oktoba, kabla mawingu hayajaanza. Safisha tuta, vunja mabonge, sawazisha liwe kama meza maana penye bonde hewa inakaa na joto linapungua. Mwagilia hadi unyevu ufike sentimita 30. Udongo mkavu haupitishi joto chini na mbegu kavu haifi kirahisi. Tandaza nailoni ikigusa udongo kabisa, fukia kingo zote kwenye mfereji wa sentimita 15, acha wiki sita. Ikitoboka ziba siku hiyohiyo kwa gundi ya nailoni. Kitundu cha kidole kinatoa joto la tuta zima kama mlango ulioachwa wazi. Kuku na mbwa wawe mbali.

Itaua mbegu nyingi ndogo za sentimita 5 hadi 10 za juu: mchicha wa miiba, kishona nguo. Ndago ya juu itaumia, ya sentimita 20 haitaguswa. Kwa hiyo chekeche kwanza, nailoni baadaye, kwenye tuta hilohilo. Ukishaifunua usichimbe tena. Panda kwa kukwangua juu tu.

Kama huna fedha ya nailoni kuna njia ya bure, na kwa mboga za kusia mbegu mimi naipenda kuliko zote: kuyaotesha magugu kwa makusudi. Tayarisha tuta kana kwamba unapanda kesho, weka na samadi kabisa, lakini usipande. Mwagilia kila siku kwa siku 10 hadi 14. Magugu yataota kama zulia. Asubuhi ya siku ya jua yakwangue kwa kijembe kikali, kina kisizidi sentimita 2, yaache yakauke juu. Mwagilia tena wiki moja, kwangua tena. Ndipo sia mchicha bila kuvuruga udongo. Kosa linaloharibu kazi yote ni mtu kukwangua kisha akalima tena "ili udongo uwe laini". Amerudisha mbegu mpya juu.

Mchicha usimwage ovyo. Sia kwenye mistari iliyonyooka kwa kamba, nafasi ya sentimita 20, kina nusu sentimita. Kitakachoota nje ya mstari ni gugu, huhitaji kukitambua kwa jani. Ndani ya mstari, mchicha wa miiba utaonyesha vijimwiba viwili pale kila kikonyo kinapoungana na shina, ukishakua kidogo.

Vitunguu ni vya kuangaliwa sana. Majani yake ni membamba na yamesimama, hayafuniki ardhi hata yakikomaa. Wiki nane za kwanza baada ya kuhamisha miche tuta liwe safi, palizi kila siku 10. Mizizi ni ya juujuu, kwa hiyo karibu na kitunguu tumia vidole. Nyanya ni rahisi zaidi. Wiki tano sita za mwanzo ndizo zinazoamua, baadaye kivuli chake kinasaidia.

Na jinsi unavyomwagilia! Huku kiangazi hakuna mvua, gugu linaota pale tu ulipomwaga maji. Ukizungusha keni juu ya tuta zima, umemwagilia magugu mengi kuliko nyanya. Chimba kisahani kuzunguka kila shina, upana wa sentimita 30, mwaga humo lita moja na nusu hadi mbili. Au chupa ya lita 1.5, toboa vitundu viwili vya sindano kwenye kifuniko, izike kichwa chini karibu na shina, kata kitako ujazie hapo. Mchanga wa katikati ukibaki mkavu hauoti kitu.

---

JembeNaTupa (Tabora)

Umenena vema kuhusu maji.

Niongeze kifuniko hai, kwa sababu ndago lazima ifuatwe na kivuli. Tuta likishachekechwa, mvua ikianza panda viazi vitamu. Vipande vya shina vya kupanda viwe na urefu wa sentimita 30, theluthi mbili zikae ardhini, nafasi sentimita 30 kati ya shina na shina. Palilia mara mbili ndani ya wiki sita za mwanzo. Baada ya hapo majani yanafunga na ndago chini yake inanyong'onyea kwa kukosa mwanga. Unapata matembele ya mboga wakati wote, na siku ya kuvuna unachimba tuta zima, kwa hiyo vijiazi vya ndago vilivyobaki unaviona na kuviokota. Kuwa mwangalifu tu: ndago yenye ncha kali huweza kutoboa kiazi chenyewe na kijiazi kikabaki ndani. Kiazi chenye tundu kisitunzwe kwa mbegu.

Tuta ambalo hutalitumia masika, sia marejea, mmea wa kufunika na kurutubisha udongo. Gramu 20 za mbegu zinatosha tuta lako moja, changanya na mchanga mkavu kikombe kimoja ili zienee sawa. Ikianza kutoa maua, wiki ya nane hadi ya kumi, ikate na uilaze palepale. Usingoje ifunge mbegu, shina linakuwa kama kuni na mbegu zake si chakula cha kuku. Kunde nazo zinafaa kwa sentimita 25 kila upande, na zenyewe unazila.

Kijembe kinolewe kwa tupa kila asubuhi ya palizi, upande mmoja tu. Butu linavuta gugu na udongo wake, na gugu lenye udongo linashika tena. Palilia saa mbili hadi saa nne asubuhi juu pakiwa pakavu, ili hadi saa nane jua liwe limemaliza kazi.

Mgagani na mlenda vikijiotea, si lazima ving'olewe. Acha vichache pembeni kwa mboga, ila vuna kabla ya mbegu kupasuka.

---

MamaMatuta (Ipuli, Tabora)

Basi mpango wangu ni huu: wiki hii nasitisha maji kwenye matuta yote sita, Septemba nachimba na kuchekecha yote, kisha nailoni hadi katikati ya Novemba, halafu viazi vitamu matuta manne na mchicha mawili. Mfereji wa sangari naanza kesho. Nirekebisheni.

---

JembeNaTupa (Tabora)

Mfereji anza kesho, hapo sawa. Mengine punguza, mama. Usisitishe maji matuta yote, utakula nini Septemba? Tena matuta sita ya chekeche ni siku sita za watu wawili, na baada yake kuna kupita kila wiki mbili. Ukichoka katikati, ndago itarudi kote. Chukua matuta mawili mwaka huu.

Yawe yale ya upande wa juu wa mteremko, kwa sababu maji ya mvua huteremsha udongo na vijiazi kwenda chini, hayavipandishi. Nailoni iondolewe mvua za kwanza zikinyesha, hata kama wiki sita hazijatimia. Mawingu yakishatanda joto halipo na ndago itachipua raha mustarehe chini yake. Matuta manne yaliyobaki endelea kung'oa kila wiki mbili na uyafunike kwa kunde masika, mwakani uyachimbe.

Uma na jembe vikitoka kwenye tuta lenye ndago, vikung'ute hapohapo kabla hujavuka njia. Kijiazi kimoja kilichonasa kwenye udongo ulioshika uma kinatosha kuanzisha upya tuta ulilolichekecha.